Siku Nilipojifanya Bodi Peke Yangu

Naikumbuka Ijumaa moja, mwanangu, ambayo nilikaa kitandani kwangu Al Qusais, hapa Dubai, nimevaa shati na tai juu, kaptula ya kulalia chini, nikiangalia picha ya utumbo wa binadamu kwa nusu saa nzima. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa kwenye kikao cha bodi ya shule. Nimesikia kwamba nawe, uliye huku ugenini, umechaguliwa kwenye bodi ya shule ya nyumbani kwenu, na watu wanakumiminia maua na makofi kwenye simu. Basi kaa hapa kidogo nikusimulie kabla kichwa hakijaanza kuvimba. Changu kilivimba mapema mno.

Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, mlinzi kwenye jengo la ghorofa kule Al Barsha. Nilikwenda likizo nyumbani, nikahudhuria mkutano wa wazazi, nikasimama kuzungumzia lango la shule, ambalo siku hizo lilifungwa kwa kamba ya katani. Nilizungumza kama mtu aliyewahi kulinda ikulu. Watu wakapiga makofi, na papo hapo nikachaguliwa kuwakilisha wazazi kwenye bodi. Mama mmoja akasema, "Huyu ametembea dunia." Sikumsahihisha, ingawa dunia niliyoitembea ilikuwa chumba cha kulala watu wanne, basi la kampuni, na meza ya mapokezi.

Shule yetu ilikuwa inangoja jambo moja kubwa, kukubaliwa kuwa kituo cha mtihani wa darasa la nane. Watoto wetu walikuwa wakivuka mto kwenda kufanyia mtihani shule ya ng'ambo, na mto ule msimu wa mvua huwa hauna adabu. Binti yangu Neema alikuwa darasa la nane mwaka huo. Kila nikipiga simu ananiuliza, "Baba, mtatupatia kituo?" Nami namjibu kwa sauti nzito kwamba bodi inalishughulikia. Ukweli ni kwamba sikujua bodi inashughulikiaje kitu chochote.

Mwenyekiti wetu alikuwa Mama Naliaka, mkunga mstaafu, mwanamke asiyepandisha sauti kwa sababu hakuwahi kuhitaji. Kwa ajili yangu walihamishia vikao Ijumaa, siku yangu ya mapumziko. Simu ya mwalimu mkuu iliegemezwa kwenye boksi la chaki juu ya meza, na humo ndimo nilimokaa mimi, mjumbe wa ng'ambo. Pembeni yangu, mahali ambapo kamera haimfikii, alikaa Sulaimani, Mganda niliyeishi naye chumba kimoja, akimenya viazi. Likija suala la kupiga kura, naye ananyoosha kisu.

Kwenye kikao changu cha kwanza nilitoa hoja kwamba lango liwe na masharti makali. Mama Naliaka akasema, "Hoja nzuri hiyo, Wanyonyi. Mwalimu mkuu aipitie, wazazi waulizwe, halafu tuijadili kikao kijacho." Kikao kijacho kilikuwa mwisho wa muhula! Nilikasirika kweli. Kazini kwangu agizo likishuka asubuhi, kufika saa sita kila mlinzi amelitia sahihi. Nikawaona wale watu kuwa wazito, wasioijua kazi.

Basi sikia ujinga nilioufanya. Nilichukua masharti ya lango la jengo letu, nikayatafsiri moja baada ya jingine, nikamtumia Wekesa, mlinzi wa shule. Chini yake nikaandika, "Bodi imeamua. Yaanze kesho."

Bodi haikuwa imeamua chochote. Bodi ilikuwa mimi, na Sulaimani na viazi vyake.

Wekesa ni mtu mwema ambaye ukimwambia kitu anakifanya chote, na kinachobaki anakifanya pia. Masharti yalisema kila chombo kinachoingia kikaguliwe chini kwa kioo. Alichukua kioo cha mkewe cha kujitazamia, akakifunga kwenye fimbo, akawa anakagua chini ya pikipiki, chini ya baiskeli, na siku moja chini ya toroli la mahindi ya jikoni. Masharti yalisema asiyekuwa na kitambulisho asipite. Mpishi akazuiwa mpaka uji ukachelewa. Mwalimu mkuu mwenyewe, Mwalimu Barasa, ambaye alikuwa na miaka tisa katika shule ile, akasimamishwa nje ya lango akiwa ameshika ufunguo wa ofisi yake mkononi. Wekesa alikuwa akinitumia picha za yote haya, nami nikizionyesha chumbani kwa fahari kama mtu aliyepata mtoto wa kwanza.

Mwalimu Barasa aliniandikia ujumbe wa heshima kabisa: "Ndugu mjumbe, naomba kujua masharti haya yalipitishwa kikao gani." Nikamjibu, "Mwalimu, usalama haungoji kikao." Nilipoyasoma maneno hayo niliyapenda sana. Nikamsomea Sulaimani. Akasema, "Banange, jamani! Wewe muzee, iko siku mdomo huo utakuponza." Nikamwambia apike.

Wiki ya pili, siku ya Jumanne, niko kwenye meza ya mapokezi Al Barsha, simu ikatetemeka mfukoni. Sisi hatukuruhusiwa kushika simu kazini, lakini masharti yangu yenyewe yalimwagiza Wekesa kwamba mgeni akibisha, anipigie mimi. Na wakati huohuo madam wa ghorofa ya saba anaingia na mifuko sita na paka kwenye kikapu.

"Bosi, kuna mtu hapa hana kitambulisho," Wekesa akasema.

"Basi hapiti," nikanong'ona huku nimeshika kikapu cha paka.

"Anasema ametoka ofisi ya elimu."

"Wote husema hivyo."

"Anasema amekuja kuangalia madarasa, mambo ya mtihani. Kitambulisho kimebaki kwenye koti lingine."

Madam akasema, "Security, yalla, the lift!" Paka naye akaanza kulia. Nikambonyezea madam lifti kwa kiwiko, nikamwambia Wekesa yale maneno ambayo nikiyakumbuka mpaka leo nasikia joto masikioni. "Mwambie aandike barua. Khalas, yamekwisha."

Yule bwana alikaa juani dakika arobaini. Wekesa hakumpa hata kiti, maana kwenye masharti hakukuwa na kiti. Mwalimu Barasa alikuwa darasani anafundisha na hakuna aliyemwambia. Mwishowe mgeni akawasha pikipiki, Wekesa akamkagulia chini kwa kioo hata wakati wa kuondoka, naye mgeni akaenda zake. Ndiye aliyekuwa ametumwa kuikagua shule ipewe kituo cha mtihani.

Nilipata habari nikiwa kwenye basi la kampuni, narudi kutoka zamu. Ni Neema aliyenipigia. Hakulia, afadhali angelia. Alisema tu, "Baba, wanasema tutavuka mto. Ni kweli bodi ndiyo iliyomfukuza yule mtu?" Nikajifanya mtandao ni mbaya, nikakata simu, na nikajiona mtu mdogo kuliko wote waliokuwa kwenye basi lile.

Ijumaa hiyo ndiyo niliyokuambia mwanzoni. Nilivaa tai nikidhani itanisaidia. Mama Naliaka alifungua kikao cha dharura, akasema suala la kwanza linamhusu mjumbe mmoja, na kwa utaratibu mjumbe anayehusika hutoka nje wenzake wakijadili. Wote wakaitazama simu. Mimi nitatoka nje vipi, nami niko kwenye boksi la chaki? Mama Naliaka akanishika, akanigeuza nikatazama ukuta. Ukutani palikuwa na mchoro wa somo la Sayansi, mfumo wa kumeng'enya chakula. Nusu saa nzima nilikuwa na ini, kongosho na utumbo mpana. Sulaimani alitoka chumbani akaenda kucheka koridoni, na nilimsikia mpaka ndani.

Waliponigeuza, Mama Naliaka alinikaribia.

"Wanyonyi, hapa unaona watu wangapi?"

"Wote, Mama. Wajumbe wote wapo."

"Siku ile ulipomwambia Wekesa kwamba bodi imeamua, hawa walikuwa wapi?"

Nikailegeza tai.

"Nisikilize, mwanangu. Ukiizima hiyo simu, wewe ni mzazi kama mzazi mwingine. Mimi hapa ni mwenyekiti, lakini nikiwa sokoni nanunua nyanya siwezi kumwamuru hata mfagizi wa shule. Bodi inakuwepo tukikaa, tukabishana, tukakubaliana, ikaandikwa. Shule inaendeshwa na Mwalimu Barasa. Kazi yetu ni kumwambia jamii inataka shule iende wapi, kumwuliza kama inakwenda, na kumsimamisha ikipotea. Ukikaa lango moja na yeye, mtagongana mlangoni na watoto watabaki nje."

Hakunitukana. Ningependa anitukane. Nililia, mwanangu, na kamera haikuwa na haya, wote wakaniona.

Waliazimia niombe radhi mwenyewe. Nikampigia yule bwana wa ofisi ya elimu. Akauliza, "Ni wewe yule jemadari wa Dubai?" Nikakubali kwamba ni mimi. Alicheka kidogo, akakubali kurudi, na safari hii Mwalimu Barasa akamsubiri barabarani na soda. Shule ilikubaliwa. Lakini orodha ya vituo vya mwaka ule ilikuwa imeshafungwa, kwa hiyo kituo kilianza mwaka uliofuata. Darasa la Neema lilivuka mto. Asubuhi ya kwanza maji yalikuwa juu, akafanya Hisabati na sketi iliyolowa mpaka kiunoni. Jioni aliniambia, "Usijali, Baba, maswali yalikuwa mepesi." Matokeo yalipotoka, Hisabati ndiyo iliyomwangusha. Hajawahi kunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma.

Masharti ya lango yalijadiliwa mwisho wa muhula, kama Mama Naliaka alivyosema tangu mwanzo. Wazazi waliulizwa. Kati ya masharti yangu yote wakabakiza daftari la wageni, wakaongeza kiti. Mimi nilinyoosha mkono mmoja tu, kama wengine, na Sulaimani nikamkataza kisu.

Ndiyo maana nakuambia, mwanangu. Usiseme "bodi imeamua" kabla bodi haijakaa, hata kama una hakika kwamba wataamua hivyo. Usimpigie mlinzi, wala mpishi, wala mwalimu wa darasa kumpa amri. Ukiwa na jambo, lipeleke kwa mwenyekiti, liingie kwenye ajenda. Wasikilize wazazi wasiokuwa na simu, hao ndio wenye watoto wengi. Ukishindwa kwenye kura, simama na uamuzi wa wenzako, usiende kuuchimba barabarani. Na sisi tulioko huku tuna ugonjwa mmoja: kwa kuwa siku nzima tunaamriwa na madam na sir, tukipata mahali pa kuamuru tunapashika kwa mikono miwili. Jichunge na hilo kuliko yote.

Mungu akutangulie katika kikao chako cha kwanza. Akupe wenzako wenye subira, na wewe akupe subira zaidi yao. Na siku hoja yako itakapokataliwa, akupe moyo wa kuleta nyingine. Nenda, mwanangu, kakae nao.