Siku Baiskeli Yangu Ilipopiga Kura Mara Mbili

Mkiniuliza kwa nini sikanyagi tena Buhongwa huwa nawaambia ni magoti, na magoti kweli yananiuma, lakini sababu yenyewe ni aibu, na leo nitaisema yote, ila mnivumilie nianzie mbali kidogo, maana mimi shule niliiacha kabla haijanizoea na sijui kuanzia karibu.

Nilipokuwa mtoto kule kwetu Magu, mavuno yakishaingia ghalani watu walicheza ngoma za mashindano, Wagalu upande huu na Wagika upande ule, uwanja mmoja, ngoma mbili zinapigwa kwa wakati mmoja mpaka humsikii hata mama yako akikuita (na mimi sikutaka kumsikia, alikuwa ananiitia ng'ombe). Hakukuwa na jaji wala kombe. Aliyeshinda ni yule ambaye watu wengi wamesimama kwake, basi. Kwa hiyo Wagalu wakitoa chatu kapuni tunakimbilia huko wote, Wagika wakiona wamebaki na vumbi wanamtoa mtu wa kurusha jembe juu na kulidaka kwa meno, nasi tunarudi mbio, na jioni nzima ni kukimbia huku na huku kama mbuzi waliofunguliwa. Nakumbuka jirani yetu mmoja alikimbia mpaka kiatu kikamtoka, akakataa kukifuata, eti kimebaki kwa walioshindwa.

Baba yangu aliniona mara moja nimeduwaa katikati, akanisukuma kichwa akasema, "Wewe, usisimame kama kisiki. Ngoma ikipoa, hama."

Neno hilo nililishika kuliko mengine yote aliyonifundisha, na ndilo lililokuja kuniua.

Sasa tusogee. Nikakua, nikawa fundi baiskeli, nikahamia Buhongwa wakati bado unaweza kusikia fisi, nikaoa, nikazaa, nikafiwa na mke wangu (Mungu amlaze, angekuwepo haya yasingetokea, alikuwa ananijua), na uzeeni nikabaki na sehemu moja tu ya kwenda asubuhi, nayo ni benchi la Mama Rebeka. Mama Rebeka alikuwa anapika chai na maandazi pembeni ya barabara ya Shinyanga, na kwenye benchi lake sisi wazee tulicheza drafti kwa vizibo vya soda toka asubuhi mpaka jua litufukuze. Kikombe changu kilikuwa changu peke yangu, cha bati, cha bluu, sikio limepinda, kimetundikwa kwenye msumari, na mtu mwingine akikigusa Mama Rebeka anamwambia, "Hicho kina mwenyewe, rudisha."

Benchini hapo mpinzani wangu alikuwa Petro, mzee mwenzangu, mtu wa maneno, asiyejua kucheza ila anajua kuzungumza mpaka unasahau kete yako ilikuwa wapi.

Basi ukafika mwaka wa kuchagua mwenyekiti wa mtaa, na chama chetu kikawa kinatafuta jina la kupeleka. Wakatokea wawili. Wa kwanza Mama Rebeka mwenyewe. Wa pili Mzee Mabula, na hapa ndipo shida ilipolala, kwa sababu Mabula ni mkwe wangu, mwanawe kamuoa binti yangu Neema, na sisi Wasukuma mkwe hatumfanyii mchezo, mkwe hata ukikutana naye njiani unavua kofia kabla hujajua unakwenda wapi. Na baiskeli yangu, ile Foniksi nyeusi mliyoniona nayo, aliniletea yeye siku ya mahari, nyongeza juu ya ng'ombe, akasema, "Hii ni ya miguu ya mkwe wangu." Na ng'ombe wameshaisha wote. Baiskeli ipo.

Benchini tukawa tunabishana tumpe nani. Petro akasema, "Mimi nampa aliyelala msibani kwangu. Sio aliyekuja na suti akashika mkono wangu akaondoka, hapana, aliyelala chini kwenye mkeka tukagawana mbu."

Kinyozi wa jirani akasema yeye anaangalia sauti, kwamba mtu wa sauti ndogo akifika ofisini wanampa kiti wanamsahau hapohapo.

"Na wewe Shija?" Petro akaniuliza. "Wewe unaangalia nini?"

Nikasema mimi naangalia viatu. Wakacheka, lakini ni kweli, kiatu hakidanganyi, mtu anayetembea mtaani kwake utamjua. Viatu vya Mabula vilikuwa vinang'aa unaweza kunyolea ndevu. Malapa ya Mama Rebeka yalikuwa na tope la mtaro, maana ule mtaro wetu mvua ikinyesha ulikuwa unachukua kuku, unachukua masufuria, uliwahi kuchukua mlango wa Petro ukiwa na kufuli lake, na ni Mama Rebeka aliyewatoa akina mama wakabeba mawe kutoka kule kwenye majabali wakaweka kivuko, wakati sisi wanaume tunaangalia kete. Moyoni mwangu nilishamaliza. Kura ni ya mama. Nilitaka ule mtaro ujengwe kabla haujanichukua na mimi.

Ila moyo ni kitu kimoja na mdomo ni kitu kingine. Jioni moja Mabula akaja nyumbani kwangu, akakaa nje kwenye kigoda, hakuomba kura wala nini, akauliza tu, "Mkwe, baiskeli bado inakwenda?"

Nikasema, "Inakwenda, mkwe."

"Basi vizuri. Nawe utakwenda nayo siku ile."

Nikasema, "Mkwe, hilo hata usiseme."

Asubuhi yake Mama Rebeka ananimiminia chai ananiuliza kwa utani wake, "Babu, kura yangu iko wapi?" Nami nikajipigapiga mfuko wa shati nikamwambia, "Iko hapa mama, inapata joto." Akaniongezea andazi. Nikalila.

Msinitazame hivyo. Kila mtu Buhongwa alifanya hivyohivyo, kumkatalia mtu usoni ni ushenzi, unamkubalia kila anayekuja, halafu kule kwenye sanduku uko wewe na Mungu wako na karatasi, na Mungu hana tabia ya kupita mitaani akitangaza. Ndivyo nilivyojipanga.

Siku ikafika, tukakusanyika kwenye uwanja wa shule, na yule msimamizi waliyemtuma, kijana mmoja ana filimbi shingoni, ana heshima sana ("Shikamoo wazee," "Marahaba"), akasimama akasema safari hii hakuna karatasi. Wagombea watasimama mbele wametupa mgongo, na sisi tupange mstari, kila mtu nyuma ya amtakaye.

Nilihisi lile andazi limerudi kooni.

Wagombea wakasimama. Mabula akasimama sambamba na ukuta wa darasa, kwenye kivuli. Mama Rebeka akasimama katikati ya jua, kwa sababu alichelewa, alikuwa anazima jiko. Watu wakaanza kujipanga, na mimi nikajiambia, Shija, tulia, wametupa mgongo, hawaoni, na wewe umekulia kwenye ngoma. Simama kwa mkwe kwanza, ndugu zake wakuone, halafu filimbi ikikaribia hamia kwa mama, uhesabiwe huko. Ngoma ikipoa, hama. Niliona nina akili kweli.

Kitu kimoja sikukifikiria. Baiskeli sikuwa nimeiacha mahali, maana uwanja ule baiskeli ukiiacha unairudia kengele tu, nilikuwa naikokota. Na frihili yake, ile gia ya gurudumu la nyuma, ilishaisha siku nyingi (fundi hatengenezi ya kwake, mnajua), ukiikokota inalia tik-tik-tik-tik kama mjusi aliyemeza saa.

Nikatoka kwenye mstari wa Mabula. Tik-tik-tik-tik. Uwanja mzima ulikuwa kimya kwa sababu msimamizi alikuwa ameomba utulivu. Nikafika kwa Mama Rebeka, nikasimama mwisho, nikatazama mawingu.

Dada yake Mabula, mama mmoja mnene, akanikodolea macho kutoka ule mstari mwingine. Alivuta tu khanga yake akajifunga upya, polepole, jinsi wanavyofanya wakitaka kukumbuka jambo mpaka kwenye mazishi yako. Nikamfikiria Neema, anaishi na watu hao, anapika na mama huyo jiko moja. Nikarudi. Tik-tik-tik-tik.

Nimefika kwa Mabula, Petro aliyekuwa kwenye mstari wa Mama Rebeka akasema kwa sauti, "Jamani, huyu anatafuta pancha?" Watu wakacheka kidogo, kicheko cha puani. Nikaona Mama Rebeka hajacheka, kainamisha kichwa, nikaona yale malapa yake kwa nyuma, tope limekaukia kisiginoni. Nikashindwa. Nikatoka tena. Nilijaribu kuinyanyua gurudumu la nyuma isilie, lakini mkono wa mzee ni mkono wa mzee, ikashuka katikati ya uwanja ikalia kuliko mwanzo.

Mabula akasema, bila kugeuka, kwa utaratibu wake uleule, "Hiyo ni baiskeli yangu."

Mama Rebeka naye, bila kugeuka, akajibu, "Na anayeikokota ni wangu. Kila asubuhi naisikia inakuja."

Hapo uwanja ulianguka. Watu walicheka mpaka mistari ikapinda, kinyozi alikaa chini kabisa, na msimamizi akapiga filimbi ambayo haikusikika. Petro akapaza sauti, "Mwacheni, huyo hajaja kupiga kura, huyo anaangalia ngoma." Wapuuzi hawa nilishawasimulia habari za Wagalu na Wagika kwa mdomo wangu mwenyewe.

Kilipotulia kicheko msimamizi akahesabu, akigusa watu mabega. Akahesabu tena. Akakuna kichwa. Akanijia katikati pale nilipokuwa nimesimama na baiskeli, kama kisiki, akasema kwa adabu iliyoniumiza kuliko tusi, "Mzee wangu, samahani. Mistari imelingana. Umebaki wewe."

Nikamwambia, "Mimi?"

"Wewe mzee. Ukisimama, tumemaliza."

Sasa nyie mnaojua kusoma niambieni mngefanya nini. Huku mkwe, na nyuma ya mkwe binti yangu. Huku mama wa kikombe changu, na mtaro. Wote wawili wamenipa mgongo, na ningeona afadhali wangenitazama, maana mgongo wa mtu anayekungoja una macho makali. Mama Rebeka akasema taratibu, "Babu, nenda popote. Chai yako ipo tu."

Ndipo nikafanya nilichofanya. Nikamwambia kijana, "Naenda kujisaidia, narudi sasa hivi."

Yaliyofuata sikuyaona, alinisimulia Neema kwa simu, na sikumuuliza. Anasema waliningoja. Waliningoja kweli, watu wazima wamepanga mstari juani, mpaka akatokea jamaa mmoja anamtafuta mbuzi wake, mwanachama halali, kadi iko mfukoni, akauliza kuna nini, akaambiwa asimame anapotaka. Akatazama jua, akatazama ukuta wa darasa, akaenda kusimama kivulini. Mkwe wangu akawa jina la chama, na sasa ndiye mwenyekiti. Ni mtu mzuri, simsemi vibaya. Mtaro bado unachukua kuku. Na Neema anasema kikombe cha bluu bado kiko kwenye msumari, na wageni wakikigusa bado wanaambiwa kina mwenyewe, na hilo ndilo sipendi aniambie.

Sijapiga tena kura ya miguu, ile ya kuonekana, na mtu akija kuniomba kura siku hizi namwambia hapohapo, sikupi, au nakupa, aninunie akitaka, kununiwa na mmoja ni rahisi kuliko kungojwa na wawili. Baba yangu alinifundisha kuhama, hakunifundisha kufika.

Lakini siku ile nilikuwa sijayajua hayo. Siku ile niliona tu choo cha shule kiko mbele, na nyuma ya choo kuna kichochoro, na kichochoro kinatokea barabara kubwa. Nikatembea hatua chache, tik-tik, nikasikia mtu anaanza kucheka tena, nikasimama. Nikainama, nikaingiza bega kwenye fremu, nikainyanyua baiskeli nzima, mzee mimi, na magoti haya, nikaibeba ili isilie. Nikakipita choo. Nikashika kichochoro. Nilipofika barabarani nikaiteremsha, nikapanda, nikaelekeza huku mjini, nikapita mbele ya benchi, jiko limezimwa, vizibo vyetu viko juu ya ubao jinsi tulivyoviacha, na ilikuwa zamu yangu kucheza.