Mikono Iliyokanda Goti

Mwaka ule wa vita, kila aliyechechemea mtaani kwetu Namatala alisemekana aliumia akikimbia. Mdogo wangu wa miaka kumi alianguka siku tulipokimbia milio ya bunduki, basi goti lilipovimba hakuna aliyeuliza zaidi. Fundi wa kuunga mifupa kule Malukhu akasema limeteguka. Mimi nilikuwa na mikono yenye nguvu, nikapewa kazi ya kulikanda kwa samli ya moto kila asubuhi. Nilikanda miezi mitatu. Akilia, nilimwambia aache kudeka.

Uvimbe ukazidi. Mama alitaka kumpeleka Jinja, kwa mdogo wake aliyekaa mtaa wa Walukuba na kufanya usafi hospitalini, lakini aliogopa barabara. Baba, mjukuu wa askari wa Kisudani, alikwisha kukimbia nchi, na wenzetu wa asili hiyo, waliohesabiwa watu wa serikali iliyopinduliwa, walikuwa wakishushwa kwenye vizuizi. Tukangoja mwezi mwingine, kisha tukapanda lori la matoke. Kizuizini askari akachungulia.

"Nyinyi watu ya wapi?"

"Mtoto iko mgonjwa, afande," mama akasema, akafunua goti.

Akatupungia mkono tupite, haraka. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Goti lile lilimtisha hata mwenye bunduki.

Mama mdogo, ambaye ulimi wake haukujua likizo, alitupokea kwa "chelewa chelewa utamkuta mwana si wako." Kesho yake hospitalini daktari akatuita mimi na mama peke yetu, akainua picha ya eksirei dirishani. Ni kansa ya mfupa, akasema. Tumechelewa, ila mapafu yanaonekana safi bado. Mguu ukikatwa wiki hii na dawa zikipatikana, huenda akapona.

"Nani alikuwa anakanda?" akauliza. "Kukanda kunaweza kuisambaza."

Mimi nikaificha mikono ndani ya leso.

Mguu ulikatwa juu ya goti, mama mdogo akauvika sanda na kuuzika. Kwa miaka mingi, kila mdogo wangu alipokohoa nilidhani imefika mapafuni. Yalikuwa mafua tu. Alikua, akaolewa, akafungua duka la vitambaa.

Mwezi uliopita goti lake lililobaki lilianza kuuma. Akaliweka mapajani pangu, akanisogezea chupa ya mafuta.

"Dada, nikande kidogo. Ni uzee huu."

Maneno ya daktari kuhusu kukanda sijawahi kumwambia. Nikaikalia mikono yangu, nikasema twende hospitali kwanza. Akacheka, akaniambia siku hizi nimekuwa mvivu.