Sarafu ya Nzomo

Fundi wa vyuma pale mjini Kabati alikuwa na vidole vinene, lakini patasi aliishika kama sindano. Mwaka wa 1984, klabu ya judo ilimwomba achonge sarafu ya shaba ya kumkumbuka marehemu Nzomo, bingwa wao, ikimwonyesha amemshika mpinzani wake tayari kumwangusha. Kila alipomaliza, aliitazama sana, akasema kwa sauti ya chini, "Bado," kisha akachukua kipande kingine cha shaba na kuanza upya.

Mara ya tano Syokau, mjane wa Nzomo, alimsihi, "Fundi, inatosha. Nani atajua alivyomshika mwenzake?"

"Mimi najua, mama. Kwenye fainali iliyompa ubingwa, aliyeangushwa ni mimi." Akagusa kola yake. "Alinishika hapa."

Akainama, akaendelea kuchonga.