Mpaka Uliowekwa Mtoni

Wenye dhamana ya jambo hili ni wawili: akida wa ng'ambo, aliyependekeza kijito chetu kiwe mpaka, na Bwana Shauri, Mjerumani aliyesimamia boma la Morogoro, aliyekubali pasipo kupanda mlima kuona. Nayaandika haya kwa sababu siku hizi husemwa, hata na watu waliozaliwa baada ya Wajerumani kuondoka, kwamba wanawake wa upande wetu waliyaacha mashamba ya ng'ambo kwa uvivu. Si kweli. Nilikuwa karani wa boma wakati huo, na kila siku ya kazi nilikivuka kijito hicho kwa miguu yangu.

Yafaa kwanza nilieleze kosa lenyewe. Akida alikuwa mtu wa pwani, aliyesoma vya kutosha, na nadhani huko kwao mto hutenganisha watu. Huku Uluguru sivyo. Ukoo wetu ulikaa bondeni: nyumba mteremko huu, mashamba mteremko wa pili, na maji katikati yakatumiwa na wote. Kama kuna mpaka, uko juu kabisa kwenye mgongo wa mlima, mahali ambapo hata mbuzi hapendi kufika. Mndewa wetu, yaani mkuu wa ukoo, angaliweza kumweleza hayo kwa maneno machache. Hakuulizwa.

Basi maji yakawa mpaka wa maakida wawili. Tuliambiwa kwamba shabaha ni kila akida awajue watu wake, asiwepo wa kuikimbia kodi ya nyumba kwa kuhamia upande wa pili. Askari akawekwa penye mawe ya kuvukia, na amri ikatoka kwamba asipite mtu asiye na cheti. Vyeti walipewa walioajiriwa tu.

Mimi nilikuwa nacho, maana njia ya kuteremkia mjini ilipita ng'ambo. Dada yangu hakuwa nacho. Naye alikwenda kazini kila asubuhi kama mimi, tena kazi yake ndiyo iliyotulisha: shamba la mahindi na maharage alilolipata kwa mama yetu, kwani kwetu ardhi hufuata upande wa mama. Tulikuwa tukishuka pamoja ukungu ungali umelala bondeni, mimi nimepandisha kanzu yangu nyeupe hadi magotini, yeye na jembe begani. Mwanzoni askari alijifanya hamwoni. Baadaye akida wa ng'ambo akaja mwenyewe kukagua, na kuanzia hapo hakukuwa na kupita.

"Mama, cheti," askari alisema asubuhi iliyofuata.

"Cha nini? Nakwenda kupalilia."

"Ng'ambo ni nchi ya akida mwingine."

"Kumbe! Basi mimi ni msafiri mkubwa. Nimeanza safari za nchi za watu nikiwa mgongoni kwa mama."

Wanawake waliokuwa nyuma yake wakacheka. Mmoja wao, mtu mzima sana, akasogea mbele.

"Mwanangu, nyani wanavuka pale juu tangu alfajiri. Umewadai cheti?"

"Shikamoo, bibi," askari akasema, macho chini.

"Marahaba. Nipishe."

Hakumpisha. Dada yangu akanigeukia. "Kaka, wewe si mtu wa serikali? Mwambie."

Nilimwambia. Akajibu kwa adabu kwamba Bwana Karani anaweza kupita, wengine warudi.

Nikaenda moja kwa moja kwa Bwana Shauri, nikamweleza kwamba mahindi yamekwisha kubeba, na kwamba pasipokuwa na mtu wa kulinda juu ya dungu, kichanja cha shambani, nyani na nguruwe hawatabakiza kitu. Alinisikiliza huku akishindilia tumbaku kwenye kiko chake, kisha akasema mambo ya mpaka ni ya akida. Nikaenda kwa akida. Nilimkuta barazani kwake anakunywa kahawa.

"Wanawake hao si watu wangu, karani. Walime kwao."

"Kwao ndiko huko, Bwana Akida. Upande wetu ni nyumba na mawe. Ulipata kufika?"

"Niliuona mto."

"Na watu je, uliwaona?"

Akaniambia nichunge ulimi, nisije nikavuliwa kanzu ya serikali.

Tangu siku hiyo nilivuka peke yangu, na njia yangu ilipita kando ya shamba. Niliona mabua yamelazwa, magunzi mabichi yametapakaa, na dungu limeinamia upande. Jioni nilimkuta dada yangu ameketi upande wetu wa maji, anatazama. Hakuniuliza habari, aliona mwenyewe. Shamba lilikuwa karibu kiasi kwamba alisikia nyani wakigombea mahindi yake, naye amezuiwa na mtu mmoja aliyesimama juu ya jiwe. Sijapata kuisamehe serikali ile kwa jambo hilo, na sina nia ya kuanza leo.

Masika yalipoingia hakulima, na magugu yakatwaa kila kitu. Ndipo akida, yule yule, alipoleta taarifa bomani kwamba ng'ambo ipo ardhi isiyo na mwenyewe. Bwana Shauri akaikubali taarifa hiyo kama alivyoukubali mpaka, na shamba akapewa mtu wa nyumbani kwa akida. Wanawe wanalilima hata sasa. Dada yangu alifariki akiwa analima vipande vya watu.

Kwa hiyo, kwa heshima zote zinazostahili, nawadai wale waliorithi boma lile na mamlaka yake mambo haya. Akida, ambaye yu hai na anakaa mjini, aitwe mbele ya mndewa na wanawake wa bonde letu, aeleze ni kwa haki gani aliiita ardhi hiyo kuwa haina mwenyewe ilhali yeye ndiye aliyemzuia mwenyewe asiifikie. Shamba lirudishwe kwa mabinti wa dada yangu. Na jibu litolewe hadharani, pale pale penye mawe ya kuvukia, mimi nikiwapo.