Ngozi ya Mtoto wa Mdogo Wangu

Mdogo wangu alipojifungua, niliteremka kutoka Gashonga kwa pikipiki hadi kwake Muganza. Ulikuwa uzazi wake wa kwanza, na mama yetu tulimzika Bukavu, Kongo, kabla hatujarudi Rwanda. Kumwogesha mtoto ikawa kazi yangu.

Siku ya tatu, nilipomvua soksi, nilikuta lengelenge kwenye kisigino. Kesho yake mengine yalikuwa mgongoni na kwapani, pale hasa mikono yangu ilipomshika. Moja likapasuka, ngozi ikatoka na taulo.

Mume wake aliingia kutoka zamu ya kiwandani, nyusi zimejaa vumbi la saruji. Alimtazama mtoto, akalitazama beseni.

"Shemeji, umechoma mutoto wangu na maji ya moto."

"Niliipima na kiwiko, kama siku zote."

"Basi hii ni nini?"

Nilimgeukia mdogo wangu. Aliangalia chini. Hapo ndipo nilipoumia. Nikafunga mizigo, nikarudi nyumbani.

Wiki nzima nilipalilia maharage. Nikaanza hata kujishuku: labda kiwiko changu kimezoea joto la jikoni.

Kisha mdogo wangu, ambaye huniita Yaya kwa kuwa mimi ni dada yake mkubwa, akapiga simu, analia. "Yaya, uliondoka lakini malengelenge bado inatoka. Hata mu kinywa."

Niliwasindikiza hospitali. Daktari alieleza polepole: mtoto hakuchomwa. Ngozi yake haikushikana vizuri tangu tumboni. Ni ugonjwa adimu, ameurithi kwa baba na mama wote wawili, ingawa wenyewe hawaugui. Dawa ya kuuponya hakuna, na mtoto mwingine anaweza kuzaliwa nao pia.

"Kwangu pia?" shemeji aliuliza. Akauliza tena.

Tulifundishwa kutoboa malengelenge kwa sindano safi, kupaka vazelini kwenye bendeji, kumvalisha nguo nje-ndani ili mishono isimkwaruze. Mdogo wangu hakuthubutu kuishika sindano, kwa hiyo nikabaki. Kubadilisha bendeji kulimaliza asubuhi nzima. Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka, akabaki anafungua mdomo tu. Siku nyingine nilimkabidhi kwa mama yake, nikatoka nyuma ya nyumba, nikaziba masikio.

Vidonda viliingia uchafu, homa ikapanda. Alifariki wiki ya saba.

Shemeji hakuniomba msamaha. Siku ya mazishi, ndugu zake walipotaka kumweka mtoto sandukuni, aliwazuia, akaniita.

"Umubebe weye, shemeji. Sisi tutamuumiza."

Nilimlaza taratibu, kama aliye hai. Hakuna aliyenikumbusha kwamba hasikii tena maumivu.

Mdogo wangu hajazaa tena. Mwaka jana tulikuwa tunamenya mihogo, akaniuliza bila kuinua kichwa, "Yaya, ungekuwa mimi, ungejaribu?"

Nilichukua muhogo mwingine. Tukaendelea kumenya.