Amani, Kawaida, Ngumu

Ndizi mbivu zilizovundikwa kwa ajili ya mbege, pombe yetu ya ndizi, zina harufu tamu inayokaribia kuoza, na Desemba ile harufu hiyo ilijaa nyumba nzima ya Babu kule Masama. Babu mwenyewe tulimzika wakati wa masika, kati ya migomba yake, na sasa ukoo ulikuwa umepanda mlimani kula Krismasi na kugawana alichoacha. Mimi nilizaliwa katika nyumba ile. Baba ndiye aliyebaki na Babu miaka yote, akipogoa kahawa, akikata majani ya ng'ombe, akimwogesha mzee aliposhindwa kujiogesha. Lakini Baba alikuwa mtoto wa katikati. Kwa desturi yetu kaka mkubwa hukatiwa sehemu yake mapema, kitinda mimba hurithi nyumba na kihamba chake, shamba la migomba na kahawa linaloizunguka, na wa katikati huambiwa ana mikono, ajitafutie. Kitinda mimba wetu alikuwa baba mdogo, mwenye kazi nzuri Dar es Salaam na mtoto aitwaye Kelvin. Na Kelvin alikuwa na kompyuta.

Wazee wakikaa uani na mbege yao, sisi watoto tulijazana sebuleni kuutazama mchezo wake. Ulikuwa mchezo wa kuchimba, kujenga na kutangatanga popote utakapo, ila kabla ya kuanza ulikuuliza unataka dunia ya namna gani: ya amani, ya kawaida au ngumu. Kelvin alichagua amani kila mara. Humo hakuna njaa wala mazimwi, unalima kwa kupenda tu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, nami niliona ni upuuzi mtupu, maana shamba lisilongojewa na tumbo la mtu ni shamba gani? Zamu yangu ilipofika nilidai ngumu. Mdogo wangu Elia aliweka kidevu chake begani kwangu na kupiga kelele kila zimwi liliponikaribia. Nilikufa kwa njaa, nikafa kwa kuliwa, nikaanza upya.

"We Aika, mbona unajitesa?" Kelvin alicheka. "Nikuwekee amani?"

Nilimwambia sitaki cha kuwekewa. Elia akashangilia kana kwamba tumeshinda.

Siku hiyo hiyo uani nako walikuwa wamefika kwenye neno lenyewe. Baba mdogo hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwani sina wa kumchukia. Nilimsikia dirishani akisema, "Kaka, nani anakufukuza? Kaa tu hapa, unitunzie." Wazee wakaguna kwa kuridhika. Baba aliweka kata ya mbege chini taratibu. "Nguo ya kuazima haisitiri matako," alisema, kisha akawaambia atauza ng'ombe wake, anunue ardhi yake mwenyewe kule chini tambarare, Mabogini, na kushuka kulima mpunga. Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na hakuulizwa. Mimi nilivimba kwa fahari, nikiamini Baba na mimi tuko timu moja.

Tulihama kabla ya mvua. Mlimani tulilala na mablanketi mawili na chandarua hatukukijua, huko chini tulipokelewa na joto, vyura na mbu waimbao sikioni. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, Baba alisema, akaingia kwenye majaruba na miguu yake ikaanza kuoza katikati ya vidole. Elia alishikwa na homa mpunga ulipokuwa bado mchanga. Tulidhani ni mafua ya kawaida, maana mafua ndiyo ugonjwa tuliokuja nao. Tulipomfikisha hospitali, malaria ilikuwa imempanda kichwani, na hakunijua tena. Alizikwa nyuma ya nyumba, pale palipoinuka kidogo. Baba alichimba mwenyewe na kumkatalia kila aliyetaka kumpokea jembe.

Sasa wanangu wanacheza michezo ya aina ile kwenye simu yangu na huchagua rahisi bila kufikiri, nami nawaacha. Utotoni niliona ugumu ni ushujaa. Leo ningekubali kuwekewa amani, tena kwa magoti. Nina hasira na Baba na ninampenda, na sijaweza kuviachanisha. Nyumba ya Masama imefungwa kufuli mwaka mzima, kahawa imegeuka msitu, na Kelvin hapandi hata Krismasi.

Mwaka jana baba mdogo, mvi tupu, alishuka Mabogini na kukaa nasi barazani. "Shemeji, rudini juu," alimwambia Mama. "Safari hii nawaandikia kabisa, kihamba kiwe chenu." Nilimtazama Baba. Hakukataa. Alimgeukia Mama, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akimwachia neno.

Mama aliendelea kupepeta mchele.

"Asante, shemeji," alisema. "Elia nitamwacha na nani?"