Mwenye Mafua Abaki

Jirani akichemsha majani ya mkaratusi, hata sasa huikumbuka safari moja ya utotoni. Siku ile watoto wa kanisa tulitoka Kasulu kwenda kuwaona sokwe hifadhini. Mdogo wangu alinukia majani hayo, maana nilikuwa nimemfukiza alfajiri. Wazazi tulishawazika, na kikohozi chake kilinitisha.

Kwenye kibanda cha langoni askari wa hifadhi akatusimamisha. “Mwenye mafua abaki. Yanaweza kumuua sokwe.”

“Dada, sema nimepona,” mdogo wangu akaninong'oneza, akibana pumzi mpaka macho yakamtoka.

“Bado anakohoa,” nikasema.

Wenzetu wakapotelea msituni, sisi wawili tukabaki kibandani.

“Mbaya wewe!” Akaenda kuketi mbali nami, akilia.

Ghafla sokwe wakapiga mayowe, karibu mno. Akanirukia mgongoni, akanikaba shingo, ndipo akakohoa kikohozi chote alichokuwa amekizuia.